Kengele Zilizoanguka Zikalia Tena

Sisi Wakristo wa Afrika twaijua kengele tangu zamani. Huko Freretown, karibu na Mombasa, walikokaa watumwa waliokombolewa tangu mwaka 1875, ilitundikwa kengele, na mahali pale paitwa Kengeleni hata leo. Basi, na tuzitazame kengele nyingine zilizopatwa na msiba.

Katika mji wa London lipo kanisa la Mtakatifu Maria, liitwalo St Mary-le-Bow. Watu wa huko husema kwamba mwenyeji halisi wa London ni yule aliyezaliwa mahali zinaposikika kengele zake. Tena yasimuliwa kwamba kijana Whittington, alipokuwa akiukimbia mji, alizisikia zikimwita. Akarudi, akawa mkuu wa mji. Habari ya wito ni hadithi, lakini Richard Whittington alikuwa mtu hasa, naye alifariki mwaka 1423.

Upigaji wa Waingereza si kama wetu. Kila kengele hufungwa penye gurudumu, ina kamba yake na mtu wake, nayo huzunguka mzunguko mzima. Hawapigi wimbo, bali kila kengele hulia mara moja, kisha hubadilishana zamu, wala mpango mmoja haurudiwi. Kengele 3 zina mipango 6. Kengele 6 zina 720. Kengele 12 zina 479,001,600, hata maisha ya mtu hayatoshi kuimaliza. Mmoja akikosa zamu yake, kazi ya wote huharibika.

Mwezi wa Juni 1940, wakati wa vita, kengele za makanisa ya Uingereza ziliamriwa kunyamaza, zisipigwe ila kuwaonya watu kwamba adui ameshuka. Usiku wa tarehe 10 Mei 1941 mabomu yaliliteketeza kanisa la Bow, na kengele zake zikaanguka chini. Tarehe 15 Novemba 1942 nchi nzima ilipiga kengele kwa ushindi wa El Alamein, lakini za Bow hazikuwamo. Walakini sauti yazo, iliyonaswa mwaka 1926, ilisikika redioni siku zile za vita, ikiwatia moyo watu wa nchi zilizotekwa.

Vita vilipokwisha, madini ya kengele zile hayakutupwa. Yaliyeyushwa, na mwaka 1956 zikasubiwa kengele 12 mpya. Kila moja ina maneno matakatifu, na herufi zake za kwanza zikikusanywa hufanya jina D Whittington. Mwaka 1961 zikalia tena, na mwaka 1964 kanisa lililojengwa upya likawekwa wakfu.

Nasi je? Kengele ya kanisa ikipasuka, mara nyingi huachwa chini ya mti, au huuzwa kama chuma kikuukuu. Na pengine twagombana ni nani aipige. Ndugu, shaba iliyovunjika ingali shaba. Tusiwe wepesi wa kuitupa, wala tusitake kulia peke yetu, bali kila mtu aishike kamba yake na kuingoja zamu yake.