Kuwaka na Kuamka: Historia Fupi ya Diski Kubwa na Istilahi Zake

Wafasiri wa miongozo ya kompyuta aghalabu hutumia kitenzi kimoja, kuwaka, kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali. La kwanza ni mashine kupata umeme. La pili ni mashine kusoma programu zake za kwanza kutoka katika diski hata ikawa tayari kwa kazi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa kufuata historia ya diski, kwamba mchanganyo huo una hasara.

Mwaka 1983 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta ya XT yenye diski ya megabaiti 10. Mwaka huohuo mfumo wa DOS 2.0 ulileta jedwali la mgawanyo wa diski, ambalo huandikwa katika sekta ya kwanza kabisa. BIOS, yaani programu ya msingi inayoiamsha mashine, ilitaja mahali pa kila sekta kwa namba tatu: ya silinda, ya kichwa na ya sekta. Namba ya silinda ilitengewa biti 10 tu, ambazo hazivuki silinda 1,024. Diski za IDE zilizofuata hazikuruhusu zaidi ya vichwa 16, na sekta zilikuwa 63 kwa kila mzingo. Tukizidisha hayo kwa sekta za baiti 512, twapata baiti 528,482,304.

Katikati ya miaka ya 1990 diski zilizidi kiasi hicho, na kompyuta nyingi zikakwama. Faili za mfumo zikiwa ng'ambo ya silinda ya 1,024, BIOS haikuweza kuzifikia. Hata hivyo diski ilikuwa nzima: mfumo wa Linux, ukiisha kuamshwa kwa disketi, uliisoma yote. Dawa ilikuwa kuziweka faili za kuamshia mwanzoni mwa diski, au kubadili BIOS.

Baadaye sekta zilipewa namba moja ya mfululizo. Lakini jedwali la 1983 liliitengea namba hiyo biti 32, hivyo kikomo kikawa kama terabaiti 2.2. Mwaka 2010 diski za terabaiti 3 zilipoanza kuuzwa, taabu ilirudi. Jedwali jipya la GPT, lenye namba za biti 64, liliondoa kikomo hicho. Lakini Windows haiamki kutoka katika jedwali hilo pasipo UEFI, mrithi wa BIOS.

Basi karani akiandikiwa kwamba kompyuta "haiwaki", atakagua waya. Akiandikiwa kwamba diski ni "mbovu", ataitupa pamoja na majalada yaliyomo. Yote mawili ni makosa.

Kiingereza kilipata jina la tendo hili kwa mfano wa mtu anayejiinua kwa kuvuta kanda za buti zake. Sisi hatuna haja ya buti hizo. Twapendekeza kuwaka kwa umeme, kuamka kwa mfumo, na diski isiyofikika kwa ile iliyo nzima lakini haisomeki yote.