Kinu na Aliyekiendesha: Maelezo ya Picha za Vinu vya Kigoma na Ujiji

Kamati ya toleo hili la kumbukumbu iliniomba niandike mistari michache ya kuwekwa chini ya picha 14 za vinu vya zamani nilizopiga Kigoma mjini, Ujiji na katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mistari hiyo ikazidi nafasi iliyotengwa. Kila picha ilidai kuelezwa mtambo uliomo ulitoka wapi, na kila mtambo ulidai kuulizwa nani aliyeuendesha. Swali hilo la pili ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi, na ndilo hasa ninalotaka kulizungumza na wasomaji wa jarida hili, ambao wengi wao ni watoto na wajukuu wa wenye vinu.

Kiswahili kina neno moja, kinu, kwa gogo la kutwangia lililo uani na kwa mtambo wa chuma uliofungwa juu ya saruji. Lugha haikukosea. Kazi ni ile ile, na katika mkoa wetu kazi hiyo ni ya kale kuliko duka lolote la Mhindi. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, mafuta ya mawese yalikwisha kuwa bidhaa ya sokoni, na Burton akayaeleza katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1860. Chumvi ya Uvinza ni ya kale zaidi: wataalamu wa mambo ya kale waliochimba pale wameonyesha kwamba watu walichemsha maji ya chumvi tangu karne ya 5 au ya 6. Wazee wetu walipofungua maduka hapa walikuta biashara inayotembea. Walichoongeza ni chuma.

Picha 4 za kwanza ni za vinu vya mawese, na kwa msomaji aliyekulia mbali na Kigoma inafaa nieleze kinachoonekana. Mchikichi hutoa mafuta ya aina mbili. Tunda lake, ngazi, lina nyama ya nje itoayo mawese mekundu. Ndani ya kokwa ngumu imo mise, ambayo mafuta yake hupendwa na watengenezaji wa sabuni. Ngazi huchemshwa katika pipa mpaka zilainike, hupondwa hadi nyama iachane na kokwa, kisha hukamuliwa, na mafuta hurudishwa motoni ili yatengane na maji. Kinu kinachoonekana katika picha ya 2 ni pipa la chuma lililosimamishwa wima, lenye mhimili wenye meno ndani yake, na juu ya mhimili imepachikwa boriti ndefu. Watu huisukuma boriti hiyo wakizunguka pipa, saa baada ya saa, juu ya ardhi iliyojaa utelezi wa mafuta. Angalieni chini ya picha: njia ya mviringo imechimbika kwa nyayo.

Babu zetu wa Kathiawar na Kutch wangekitambua kinu hiki mara moja. Kwao kiliitwa ghani, kikatengenezwa kwa mbao, kikazungushwa na ng'ombe aliyefungwa macho ili kukamua ufuta na karanga. Hata leo mtu anayehangaika bila kufika popote huitwa kwa Kigujarati ng'ombe wa mkamua mafuta. Lamu na Unguja shinikizo la mafuta lilizungushwa na ngamia. Hapa kwetu sikupata kuona ng'ombe wala ngamia kwenye boriti; aliyekuwa kwenye boriti ni mtu.

Kwa nini mitambo mizito ilichelewa kufika ziwani? Jibu limo katika mabega ya wapagazi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, na kutoka pwani mpaka Ujiji ilikuwa safari ya miezi. Nguo, shanga na waya wa shaba vilifungika katika mizigo ya namna hiyo; jiwe la kinu cha kusagia au gurudumu la injini havikufungika. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, umbali wa kilomita 1,250 hivi. Meli tunayoiita leo Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ililetwa kwa reli hiyo ikiwa vipande vipande ndani ya makasha, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Kila mtu anaijua habari ya Liemba. Kinu cha kusaga nacho kilipita njia ile ile, ndani ya kasha, lakini hakuna aliyekiandikia kitabu.

Injini inayoonekana katika picha ya 6 hadi ya 9 ni ya aina ya Lister, ya kiwanda cha Dursley, Uingereza. Ni injini ya dizeli ya silinda moja, yenye magurudumu mawili mazito ubavuni, na huzunguka taratibu, mara 650 tu kwa dakika. Utaratibu huo ndio uliozipa injini hizi maisha marefu: mashine isiyokimbia haichakai upesi, na fundi mwenye spana chache aliweza kuifungua yote na kuirudisha. Huwashwa kwa hendeli. Mkanda mrefu huunganisha injini na kinu, iwe ni kinu cha mawe au cha nyundo. Unga hupita katika chekeche na kuangukia ndani ya mfuko wa nguo. Mlio wake ulisikika mbali, na akina mama walijua kwa mlio huo kwamba leo mafuta yamepatikana na wanaweza kubeba debe la mahindi kwenda kusagisha.

Jambo moja lilinifurahisha nilipofuta vumbi kwenye kibao cha injini ya picha ya 9, yenye umbo la Lister kwa kila kitu. Kibao kinasema Rajkot. Mji huo wa Gujarat ulijipatia sifa kwa kutengeneza injini zinazofuata mfano wa Lister, na zikasambaa Afrika nzima. Kwa hiyo ile mashine ambayo watu wa kijiji waliiita ya Mwingereza ilitoka karibu kabisa na vijiji walikotoka wazee wetu. Ndiyo maana nawasihi vijana: mkipiga picha ya mtambo wowote, pigeni kwanza kibao chake. Ukuta mzuri na mwanga wa jioni vitasubiri.

Historia ya vinu katika nchi hii haiwezi kuandikwa bila mwaka 1967. Baada ya Azimio la Arusha, mwezi Februari mwaka huo, Serikali ilitaifisha kampuni nane kubwa za usagishaji, zikiwemo Tanzania Millers, Pure Food Products na Chande Industries, na kutokana nazo likaundwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Jayantilal Keshavji Chande, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1928 na kukulia Bukene, kwenye njia ya reli ya Tabora kwenda Mwanza, alinyang'anywa viwanda vya ukoo wake, kisha akaombwa na Mwalimu Nyerere aliongoze shirika hilo jipya. Akakubali. Nimesikia watu wa jamii yetu wakimlaumu kwa uamuzi ule na wengine wakimsifu. Mimi huona kwamba alikuwa msagishaji, na nchi ilihitaji unga.

Vinu vidogo vya kusaga kwa malipo, kama hivi vya kwetu, havikuwamo katika orodha ile. Hivi vilikwisha kwa njia nyingine: sheria ya majengo ya mwaka 1971 iliwavunja wengi moyo, familia zikaondoka moja baada ya nyingine, na mwaka 1972, Operesheni Kigoma ilipohamishia watu katika vijiji vya ujamaa, wateja wa kinu fulani waliweza kujikuta kilomita nyingi kutoka kilipokuwa. Miaka ya mwanzo ya 1980 dizeli na vipuri viliadimika. Mkanda katika picha ya 8 si mkanda wa kiwandani. Umekatwa katika tairi la lori na kushonwa kwa waya.

Sasa nije kwenye upigaji picha wenyewe. Mjukuu wangu alinionyesha kazi ya Bernd na Hilla Becher, mume na mke wa Ujerumani, ambao kuanzia mwaka 1959 walizunguka wakipiga picha minara ya maji, maghala ya nafaka na mitambo ya migodi iliyokuwa ikielekea kubomolewa. Walipiga kila jengo kutoka mbele, chini ya mbingu yenye mawingu ili kusiwe na kivuli, na bila mtu yeyote ndani ya picha. Ni kazi ya adabu kubwa, na nimeiga sehemu yake: napiga asubuhi kabla jua halijawa kali, nasimama mbele ya mtambo sawasawa, nahesabu riveti. Lakini kutokuwapo kwa mtu sikuweza kukuiga. Ujerumani kampuni zenye minara hiyo zilikuwa na ofisi za kumbukumbu. Sisi kumbukumbu yetu ni mzee aliyeketi kwenye benchi nje ya mlango, na asipoingia katika picha leo hataingia tena.

Vilevile sikuridhika na desturi yetu wenyewe. Katika albamu za familia nilizoazimwa kwa ajili ya jarida hili, mwenye kinu amesimama katikati, shada la maua shingoni, siku ya kufungua mtambo. Jina lake limeandikwa nyuma ya picha, pamoja na mwaka na kijiji cha asili cha India. Kandoni amesimama mtu mwingine, mkono wake umeshika hendeli. Yeye ndiye aliyewasha, aliyesikia mkanda ukilegea kabla haujakatika, aliyejua kwa kugusa unga kama mawe yamepoteza makali. Nyuma ya picha hakuandikwa.

Hata hivyo jina lake lipo, na lipo mahali ambapo wengi wetu hatukudhani. Kila Diwali wafanyabiashara wetu huweka mbele ya Lakshmi madaftari mapya yenye jalada jekundu, chopda, yabarikiwe kabla ya kuandikwa hesabu ya mwaka. Madaftari ya zamani ya vinu yana safu ya mishahara na ya fedha za kutanguliziwa: nani alichukua shilingi ngapi kwa mazishi ya mama yake, nani kwa mahari, nani kwa ada ya shule. Niliyasoma matatu. Yanahitaji uvumilivu. Mwaka ni wa Vikram Samvat, hivyo mwaka 2010 wa daftari si ule wa kalenda ya ukutani. Ni kuanzia Diwali ya 1953 hadi ile ya 1954. Tena makarani wa mtindo wa zamani waliandika konsonanti na kuacha irabu. Kwao h, m na d zaweza kuwa Hamadi, Hamidi au Hamedi, na hapo daftari pekee halitoshi. Lazima uende Ujiji, uketi na wazee, uwaonyeshe picha na kuwasomea herufi.

Ndivyo nilivyofanya. Mzee mmoja wa Kimanyema, ambaye picha yake ni ya 11, alizitazama herufi nilizomnakilia kwa Kiswahili, akacheka, akasema huyo ni mjomba wake, na kwamba deni lile la shilingi 40 lililipwa. Daftari linakubaliana naye. Kisha akanionyesha mkono wake wa kushoto, uliopungukiwa vidole viwili. Mkanda ulivichukua, katika kinu ambacho mwenyewe sitamtaja. Katika daftari la mwaka ule bei ya mkanda mpya imeandikwa, vidole havimo. Mzee aliniruhusu kupiga picha ya mkono huo na kutaka iwekwe. Baadhi ya wanakamati waliona kwamba haifai katika kitabu cha sherehe. Nashukuru kwamba hatimaye imewekwa.

Haraka yangu ina sababu. Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipozindua Kigoma mpango wa kufufua zao la chikichi, miche ya Tenera imekuwa ikizalishwa katika kituo cha utafiti cha Kihinga, na mashine mpya za kukamua zinaingia vijijini. Ni jambo jema, maana Tenera, mzao wa Dura na Pisifera, hutoa mafuta mengi kuliko chikichi chetu cha asili, na nchi yetu ingali inaagiza mafuta ya kula kutoka nje. Lakini mashine mpya ikiingia mlangoni, ya zamani hutoka kwa mizani ya chuma chakavu. Kinu cha picha ya 5 nilikipiga Jumanne. Jumamosi nilipokirudia kupima urefu wa mhimili, nilikuta boliti nne zimesimama juu ya saruji.

Madaftari nayo yana adui yake, mchwa. Mwenye chopda la kinu, hata likiwa limeliwa nusu, alilete ofisi ya hekalu siku yoyote jioni. Nitalipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kulirudisha kwa mwenyewe. Wanaoweza kusoma mwandiko ule bila irabu katika mkoa huu tumebaki wachache, na sote tumepita miaka 60. Yeyote aliye na umri wa kufundishika, nitamfundisha.

Majina 13 yamechapwa chini ya picha zake, kila moja likiwa limethibitishwa na watu wawili. Picha ya 14, ya kinu kilichokuwa njia ya Mwandiga, inaonyesha kijana mrefu mwenye kofia, kovu dogo juu ya jicho la kulia, ameegemea gurudumu la injini. Herufi zake katika daftari ni s, l na m. Nimeacha nafasi chini ya picha hiyo, na msomaji wa Ujiji au Mwandiga anayemfahamu anaombwa aniletee jina lake.