Ile X kwenye nyumba ya vioo

Wasee, siku hizi Nairobi kila mwenye nyumba anataka kuongeza kachumba ka vioo ka kuota jua. Kanapendeza, sikatai. Lakini nikiona fundi amesimamisha nguzo nne, akabandika vioo na kuenda zake, mimi hujiuliza: upepo ukisukuma kutoka kando, ni nini itashika?

Swali hilo liliwahi kuulizwa London. Joseph Paxton, mtunza bustani ambaye hakuwa amesomea ujenzi (hapo ananifurahisha, mnajua niliacha chuo), alichora Crystal Palace, jumba la chuma na vioo lenye urefu wa mita 560 hivi, la maonyesho ya 1851 pale Hyde Park. George Airy, mwanafalaki mkuu wa serikali, akasema upepo utaliangusha.

Airy hakuwa mjinga. Nguzo mbili na boriti juu ni mraba, na mraba ukisukumwa kando unalala kama ganda la kiberiti tupu. Nyumba ya matope kule ushago haisumbuki sana na hiyo, kwa sababu udongo uliojazwa kati ya fito unazuia mraba kulala. Kioo ukikipa kazi hiyo kinapasuka tu. Kwa hivyo waliojenga Crystal Palace walifunga vyuma vyembamba vya mshazari, kona hadi kona, umbo la X, kwenye baadhi ya nafasi kati ya nguzo. X inageuza mraba kuwa pembetatu, na pembetatu hailali mpaka chuma kikatike au kifunguke.

Kabla ya kufungua, wanajeshi waliambiwa watembee kwa mwendo wa gwaride juu ya sakafu za ghorofa. Zikashika. Baada ya maonyesho jumba likajengwa upya Sydenham, likiwa kubwa zaidi, na Februari 1861 dhoruba ikaangusha sehemu ya upande wa kaskazini. Yaani hata wao, na hesabu zote hizo.

Sasa wewe unaambiwa kachumba kako kataegemea nyumba ya zamani. Kameshikwa na nini? Bolti iliyoishia kwenye plasta haijashika ukuta. Na msingi mpya bado unatitia wakati ule wa zamani ulishatulia, kwa hivyo ufa utaanzia pale vinapokutana. Fundi akisema X itaziba jua, mwambie aiweke upande usiotazama bustani, au akaze kila kona kwa bamba la chuma la pembetatu. Na afanye hivyo kabla vioo havijaletwa.