Riwaya za distopia na wimbo wa kasuku

MWANAFUNZI wangu mmoja wa uzamili alinijia ofisini majuzi na swali. “Prof, hizi riwaya za distopia si za Wazungu tu? Zinatuhusu nini sisi?” Alikuwa na maana ya zile riwaya zinazosawiri jamii ya kubuni iliyogeuka jela, ambamo watu hufikiri na kusema kitu kimoja.

Basi nikamwambia aketi, tuanzie Urusi.

Yevgeny Zamyatin aliandika riwaya ambayo jina lake lina maana ya “Sisi” mnamo 1920 na 1921. Wahusika wake hawana majina, wana nambari. Wanaishi katika nyumba za kuta za vioo ili kila mmoja aonekane, na ratiba moja huwaamsha wote na kuwalaza. Utawala wa Kisovieti uliipiga marufuku. Ilitoka kwanza kwa Kiingereza, jijini New York, mwaka wa 1924. Warusi waliichapisha kwao mwaka wa 1988.

Mnamo 1932, Aldous Huxley alikuja na mbinu tofauti. Kwake kiboko hakihitajiki sana. Watoto hurudiwa mafunzo ya dola wakiwa usingizini hadi yawe mawazo yao, na mtu mzima akihuzunika humeza kidonge, mambo yakaisha.

Kisha George Orwell, aliyekuwa ameihakiki riwaya ya Zamyatin, akatoa yake mwaka wa 1949 na kuipa jina la mwaka ambao ulikuwa bado kufika: 1984. Sisi walimu wa lugha hatuwezi kuipita hii. Mna maofisa ambao kazi yao ni kufuta maneno kamusini, na kila toleo jipya hupungua. Neno kama “mbaya” halina kazi tena. Yatosha kusema “sizuri”. Nia yao ni kwamba mtu akikosa neno la kukataa, hata wazo la kukataa lisimjie.

“Haya, sasa turudi nyumbani,” nikamwambia.

Septemba 1984, mwaka uleule wa Orwell, Rais Daniel arap Moi aliwataka mawaziri na wengineo waimbe wimbo wake kama kasuku, jinsi yeye alivyouimba wa Mzee Kenyatta. Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa uhamishoni, alitoa riwaya yake ya Kikuyu, Matigari, mwaka wa 1986. Humo mna msomi mwenye shahada ya udaktari katika taaluma ya ukasuku, na redio iitwayo Sauti ya Ukweli. Mwaka uliofuata, polisi waliziondoa nakala zake madukani. Je, hiyo nayo ni ya Wazungu?

Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Mwaka ule wa kasuku niliandika insha ya kusifu nyayo, amani, upendo na umoja, nikaisoma mbele ya watu, nikapigiwa makofi. Hakuna aliyeniagiza wala askari aliyenisimamia. Nilijua tu maneno yanayoshangiliwa na yale yanayomfanya mwenzako atazame mlango. Ndilo waandishi hawa walilolionya: udhibiti ukikomaa, mlinzi huhamia kinywani mwako mwenyewe.

Insha ile ningali nayo. Nikaitoa kwenye faili, nikampa. Aliisoma hadi mwisho, akasema Kiswahili chake ni kizuri. Kisha akauliza, “Prof, ni neno gani uliliacha?”

Nikamjibu: “Kizuizini.” Mwaka wa 1982, wahadhiri kadhaa walikuwa wametiwa huko bila kufikishwa mahakamani. Sote tulilijua neno hilo. Katika kurasa zangu zote, halimo hata mara moja.