Ng'ombe wa Oysterbay

Miaka ya 1980 ilipokuwa inakaribia kwisha, Oysterbay ya Dar es Salaam ilikuwa inanuka samadi. Waingereza waliupanga mtaa ule kwa ajili ya maofisa wao: nyumba zilizoachana, bustani pana, upepo wa bahari. Sasa nyuma ya nyumba hizo palikuwa na mabanda, na mabandani ng'ombe wa maziwa na kuku wa mayai. Wenyewe hawakuwa watu wa kujificha. Walikuwa wakubwa wa serikali na wa mashirika ya umma, na wasomi wenye vyeo, baadhi yao wale wale waliotarajiwa kusimamia sheria za mji.

Na sheria za kuzuia mifugo mjini zilikuwepo. Mizizi yake iko katika hofu ya maradhi. Mwaka 1902 tauni ilipoingia Nairobi, mji ambao reli ilikuwa imeufikia miaka mitatu tu nyuma, soko la Wahindi lilichomwa moto. Tangu hapo afya ikawa sababu iliyo tayari kila ilipotakiwa kuwatenga watu, na miji ya Afrika Mashariki ikagawanyika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kuku na mbuzi walihesabiwa mali ya kijijini. Mwenye kuku naye alihesabiwa hivyo hivyo: amekuja mjini kufanya kazi, ikiisha arudi kwao. Inzi na harufu havikuwa uongo, lakini kanuni zililinda zaidi wazo la mji ni wa nani.

Uhuru ulikuja, bwana afya akabaki na kanuni zile zile. Kisha serikali yenyewe ikaanza kusema kwa sauti mbili. Baada ya ukame wa 1973 na 1974, Tanzania ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, na watu wa mijini nao wakahimizwa kushika jembe. Ilifuata vita ya Kagera ya 1978 na 1979, bidhaa zikaadimika, na mshahara ukawa hauwezi tena kumfikisha mtu mwisho wa mwezi. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Halikutaja banda la kuku. Ndipo neno "mradi" likapata maana mpya: vifaranga mia, gunia la pumba, maranda sakafuni, na trei za mayai.

Mtafiti Malongo Mlozi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine alipowachunguza wafugaji wa Dar es Salaam, alikuta kwamba ng'ombe wa maziwa hawakuwa wa maskini. Ng'ombe anataka ua mpana, mtu wa kumkatia majani na daktari wa mifugo. Mwanasayansi wa siasa Aili Mari Tripp naye aliyaona mambo haya jijini. Kitabu chake cha 1997, Changing the Rules, kinaeleza jinsi watu walivyozipuuza kanuni kimya kimya mpaka dola ikalazimika kuzibadili.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, sheria ndogo za jiji zilimruhusu mtu kufuga ng'ombe wasiozidi wanne, nao walishiwe bandani. Kanuni za kilimo cha mijini za 1992 zikaweka kikomo cha ekari tatu kwa mkulima mmoja. Kwa macho ya haraka ni haki tupu. Lakini kulishia bandani ni sharti jepesi kwa mwenye ua wa Oysterbay. Kwa mpangaji wa chumba kimoja Manzese, mwenye mbuzi wawili na uchochoro, sharti hilo ni marufuku iliyovikwa nguo ya ruhusa.

Kampala ilifika hapo kwa njia nyingine. Mipaka ya jiji ilipopanuliwa mwaka 1968, Kibuga, yaani Mengo na vitongoji vyake, kilimezwa pamoja na migomba na mbuzi wake. Hao hawakuhamia mjini; mji ndio uliowafuata. Hata hivyo ilipita karibu miaka 40 kabla ya halmashauri kupitisha, mwaka 2006, sheria ndogo za kilimo cha mjini, mifugo, samaki, nyama na maziwa.

Nairobi ndiyo iliyochelewa zaidi. Mwaka 1985 taasisi ya Mazingira ilifanya utafiti katika miji sita ya Kenya, ikagundua kwamba asilimia 17 ya kaya za mijini zilikuwa na mifugo papo hapo mjini. Miaka 30 ilipita, ikaja Katiba ya 2010 na serikali za kaunti, ndipo mwaka 2015 kaunti ya Nairobi ikapitisha sheria yake ya kilimo cha mjini. Katika jina la sheria hiyo, kukuza kilimo kumetajwa kwanza, kukidhibiti baadaye.