Maradhi ya Batini: Namna Sauti Ilivyofunua Yaliyo Chini ya Ngozi

Katika mwaka wa 1839 Alfred Velpeau, tabibu mpasuaji wa Paris, aliandika habari za majipu yaliyowashika watu kwapani, matitini na kandokando ya njia ya haja kubwa; na miaka 15 baadaye Aristide Verneuil, Mfaransa mwenziwe, akayanasibisha majipu hayo na tezi za jasho, na kutokana na dhana hiyo maradhi yakapewa jina la hidradenitisi, ambalo yangali nalo hata leo. Ni maradhi sugu yenye dhila kubwa: aghalabu huanza baada ya balehe, hutunga usaha, hupasuka, hunuka, huacha kovu, kisha hurudi, na kwa kuwa hukaa mahali pa sitara, wengi walioshikwa nayo waliyaficha hata kwa jamaa zao, nao walipofika kwa daktari walitumbuliwa jipu moja, wakafungwa kitambaa, wakarudishwa nyumbani kana kwamba yamekwisha.

Kwa muda wa karne moja na nusu, hakimu wa maradhi hayo alikuwa jicho, na msaidizi wake kidole. Hata daraja tatu alizozipanga Harry Hurley wa Marekani mwaka 1989, ambazo zingali zikitumika, zilisimama juu ya yale yaonekanayo na kupapaswa: kwanza majipu pasipo mifereji wala makovu, kisha majipu yarudiayo, yenye mifereji na makovu yaliyoachana, na mwisho mifereji iliyoshikana ikaenea eneo zima. Sisemi kwamba hazikuwa na faida, maana zilipangwa kwa ajili ya upasuaji, na kwa kazi hiyo ziliwafaa wengi. Lakini mifereji yenyewe hupita chini, katika ngozi ya ndani na mafuta yaliyo chini yake, na kilichotokeza juu chaweza kuwa mfano wa tundu la mchwa, lisiloeleza upana wa vyumba vilivyochimbwa ardhini. Mgonjwa aliyelalama kwa maumivu makali, hali ngozi yake yaonekana shwari, alikuwa hana shahidi.

Shahidi huyo alitoka mbali. Ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, walibaini mwaka 1880 kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Na Paul Langevin, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akazitumia fuwele za kwatsi kupeleka majini sauti zisizosikika na sikio, ili mwangwi wake udhihirishe nyambizi za adui. Kutoka baharini elimu hiyo iliingia hospitalini, na mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow wakatangaza picha za uvimbe wa matumboni, ndipo kikastawi kipimo cha ultrasaundi, ambacho kwetu wajuao zaidi habari zake ni akina mama wajawazito. Ngozi ilichelewa kufikiwa, kwa kuwa mawimbi yazamayo hadi kwenye kizazi hayana ukali wa kupambanua kitu chenye unene wa milimita chache. Mwaka 1979 Alexander na Miller walionyesha kwamba unene wa ngozi waweza kupimwa kwa mwangwi. Na vilipopatikana vyombo vyenye sauti itetemayo mara milioni 15 na zaidi kwa sekunde, picha ikapata uwazi, ingawa kadiri mitetemo inavyozidi ndivyo sauti inavyopungukiwa na uwezo wa kuzama.

Aliyeyafuatia maradhi ya Verneuil kwa chombo hiki kwa bidii isiyo kifani ni Ximena Wortsman wa Santiago, Chile. Mwaka 2007 aliandika juu yake pamoja na Gregor Jemec wa Denmark, na mwaka 2013 yeye na wenzake wakatoa daraja mpya, zilizopangwa kwa hesabu ya mikusanyiko ya usaha, mifereji, na sehemu za mwili zilizoguswa. Katika picha zake usaha huonekana mweusi, kwa kuwa mwangwi ndani yake ni haba. Mfereji hujipitisha kama ukanda wa kiza kutoka ngozini hadi mafutani. Na mwendo wa damu huonyesha palipo na moto wa uvimbe na palipopoa. Yakadhihirika mambo ambayo wagonjwa walikuwa wakiyasema miaka mingi: kwamba mahali palipodhaniwa kuwa na kifundo kimoja pana mifereji, na aliyehesabiwa kuwa na maradhi mepesi anastahili dawa nzito. Mpasuaji naye akaweza kuchora mipaka ya mfereji juu ya ngozi kabla ya kushika kisu, asije akaacha tawi lililojificha ambalo kesho lingerudisha usaha.

Jambo moja katika picha hizo lanivutia kuliko yote. Ndani ya mifereji, Wortsman aliona vipande vya nywele vilivyozama, na vitundu vya vinyweleo vilivyotanuka. Nao wataalamu wa leo wanakubali kwamba maradhi huanza pale kitundu cha unyweleo kinapozibika na kupasukia ndani, wala si katika tezi za jasho kama alivyodhani Verneuil.

Chombo hakioni kila kitu: kidonda chembamba kuliko sehemu moja ya kumi ya milimita hukipita, na rangi ya ngozi hakiitambui kabisa, tena chahitaji mkono uliofunzwa, utakaopita taratibu juu ya ngozi yenye maumivu, kwani ukikandamiza, mishipa midogo hubanwa na damu isionekane.