Joto la giaboksi: pima kabla ya kufungua

Pikapu ya otomatiki ikikwama kwenye foleni ya Waiyaki Way, kutoka Westlands kupanda Kangemi, kipimo cha joto la giaboksi hupanda upesi. Kwa kawaida mafuta huwa na nyuzi 80 hadi 95. Yakizidi 120 huharibika haraka.

Fundi akitaka kufungua giaboksi, mimi humwomba kwanza apime kwa kipimajoto bomba linalopeleka mafuta kwenye rejeta. Kama halina joto kubwa, huenda sensa inadanganya. Kama linaunguza, tazama kiasi cha mafuta, feni na rejeta. Mafuta meusi yenye harufu ya kuungua ndiyo dalili ya ubovu wa ndani. Sensa hupatikana Kirinyaga Road. Giaboksi nzima ni mzigo wa miezi.